Shilingi Mbili, Alama Moja: Historia ya Opereta Zenye Maana Nyingi na Ubadilishaji wa Kimya wa Aina za Data, Ikitazamwa kutoka Mpaka wa Sirari

1.0 Utangulizi

Mtu atokaye Nyarero, wilayani Tarime, akafika Sirari na kuvuka hadi Isebania upande wa Kenya, hukutana na neno moja lenye thamani mbili. Akiuliza bei akajibiwa "mia mbili", hawezi kutoa fedha kabla hajajua ni mia mbili za wapi. Fedha za pande zote mbili huitwa shilingi, huandikwa kwa tarakimu zilezile na hujumlishwa kwa alama ileile. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi za Tanzania zipatazo 15 hadi 25. Wanunuzi na wauzaji wa mpakani hawakosei mara nyingi, kwa sababu wanatazamana, na mwenye shaka huuliza. Programu ya kompyuta haina nafasi ya kuuliza isipokuwa lugha iliyoandikiwa imeipa nafasi hiyo.

Makala haya yanachunguza namna lugha za programu, hususan zile zinazojengwa juu ya obujekti, zilivyofikia kuruhusu au kukataza mambo mawili yanayohusu hali hiyo. La kwanza ni opereta moja, kama vile alama ya kujumlisha, kupewa maana zaidi ya moja kulingana na aina ya data iliyo kulia na kushoto kwake. La pili ni kompaila kuibadilisha data ya aina moja kuwa ya aina nyingine bila mwandishi wa programu kuagiza. Jambo hili tutaliita ubadilishaji wa kimya. Vitabu vingi vya kufundishia huyaweka mambo haya mawili katika sura moja, na wakosoaji wengi wameyashutumu kwa pumzi moja. Hoja yetu ni kwamba kuyaunganisha kumewapotosha hata wabunifu wa lugha: la kwanza lina hatari ndogo likiwa peke yake, la pili lina hatari hata likiwa peke yake, na hasara kubwa hutokea pale la pili linapojificha nyuma ya la kwanza.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwa muda mrefu jambo la kwanza. Kitenzi "piga" katika piga simu, piga pasi, piga kura na piga picha ni kimoja kwa umbo, lakini tendo lake huamuliwa na nomino inayokifuata. Hakuna anayedai kwamba lugha imechafuka kwa hilo. Lakini msemaji huyohuyo angeshangaa kama angesema "piga pasi" na msikilizaji, kwa kuwa hana pasi karibu, akaigeuza pasi kuwa simu kimoyomoyo na kumpigia mtu. Tofauti kati ya hali hizi mbili ndiyo tunayoifuatilia.

2.0 Ubadilishaji kabla ya kompyuta: rupia, florini, shilingi

Kabla ya kuingia katika historia ya lugha za programu, inafaa kueleza kwamba eneo hili limewahi kuishi ndani ya ubadilishaji wa kimya uliofanywa kwa sheria. Katika koloni la Wajerumani rupia iligawanywa kwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa kwa hela 100. Badiliko hilo lilikuwa bayana: jina la kipande kidogo lilibadilika pamoja na hesabu yake, na yeyote aliyeshika sarafu mkononi aliona kwamba anashika kitu kingine.

Badiliko lililofuata upande wa Waingereza lilikuwa la namna nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, yaani rupia moja kwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Bei ya fedha-madini ilipopanda wakati wa vita na baada yake, uwiano huo haukuweza kushikiliwa, na mwaka 1920 serikali iliifunga rupia katika kiwango cha shilingi mbili za Kiingereza. Mwaka huohuo florini ikachukua nafasi ya rupia, moja kwa moja. Muda mfupi baadaye florini nayo ikaondolewa, na shilingi ya Afrika Mashariki ikawekwa badala yake kwa hesabu ya shilingi mbili kwa florini moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London, ndiyo iliyosimamia.

Tuchukue deni la rupia 150 lililokopwa wakati wa uwiano wa zamani. Siku ya kukopwa lilikuwa na thamani ya pauni 10. Baada ya kubadilishwa kuwa florini 150, kisha shilingi 300, lilikuwa na thamani ya pauni 15. Hati ya deni haikuguswa, tarakimu 150 ilibaki 150, na hapana mtu aliyekuja kwa mkopaji kumwambia kwamba anadaiwa nusu zaidi. Aliyeandika kanuni ya kubadilisha alikuwa mbali, na aliyelipa tofauti hakushirikishwa. Walowezi wenye madeni katika benki walilalamika kwa sauti kubwa, kwa kuwa walikuwa na mabaraza ya kulalamikia.

Baada ya hapo shilingi moja ilitumika pande zote za mpaka kwa zaidi ya miongo minne. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na Tanzania, Kenya na Uganda zikatoa kila moja shilingi yake kwa thamani iliyolingana. Kwa lugha ya makala haya, aina moja ya data iligawanywa kuwa aina tatu, lakini kanuni ya kubadilisha kutoka moja hadi nyingine ilikuwa kuzidisha kwa moja. Wakati huo usemi kwamba shilingi ni shilingi ulikuwa wa kweli. Ulikoma kuwa wa kweli katika miaka ya 1970, udhibiti wa fedha za kigeni ulipoanza na thamani zikaachana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huo hadi mwaka 1983. Msomaji azingatie jambo hili, kwa sababu litarudi: kanuni ya kubadilisha inaweza kuwa sahihi siku inapoandikwa na kuwa kosa baadaye, bila mtu yeyote kuigusa. Kanuni za aina za data ndani ya lugha za programu hazina tarehe.

3.0 Kutoka Fortran hadi ALGOL 68

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilikuwa tayari na opereta yenye maana mbili. Mashine ya IBM 704 ilikuwa na amri moja ya kujumlisha namba nzima na nyingine ya kujumlisha namba zenye nukta inayoelea, lakini mwandishi wa Fortran aliandika alama moja tu ya kujumlisha. Kompaila ndiyo iliyochagua amri. Aina ya kigeu nayo ilitambuliwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake: kilichoanza kwa herufi kati ya I na N kilikuwa namba nzima, na vinginevyo kilikuwa namba yenye nukta. Pamoja na ukarimu huo, kiwango rasmi cha Fortran cha mwaka 1966 hakikuruhusu kujumlisha namba nzima na namba yenye nukta katika usemi mmoja. Mwandishi alitakiwa kuandika wazi kwamba anabadilisha. Kizuizi hicho kiliondolewa katika Fortran 77. Lugha ya kwanza iliyoenea duniani, kwa hiyo, iliruhusu jambo la kwanza na kuzuia la pili, na ilichukua takribani miaka 20 kulegeza uzi. Jambo hili halitajwi mara nyingi katika historia za somo hili, ingawa ndilo linaloonesha kwamba mambo haya mawili hayakuzaliwa pacha.

Lugha ya PL/I, iliyobuniwa na IBM katikati ya miaka ya 1960, ilifuata njia ya kinyume. Nia yake ilikuwa kumridhisha mwanasayansi na mhasibu kwa pamoja, kwa hiyo karibu kila aina ya data iliweza kubadilishwa kuwa nyingine pasipo kuagizwa. Mfano wake mashuhuri ni usemi wa 25 kujumlisha na 1 iliyogawanywa kwa 3. Kwa kanuni za lugha hiyo kuhusu idadi ya tarakimu, mgawanyo wa 1 kwa 3 ulichukua nafasi zote za desimali zilizokuwapo, na ulipojumlishwa na 25 tarakimu ya mbele ikakosa pa kukaa. Jibu liliweza kuwa 5.333 na kuendelea. Kila kanuni katika mnyororo huo ilikuwa na sababu yake, na iliandikwa katika mwongozo. Aliyeandika 25 hakuziona.

Mwaka 1967 Christopher Strachey, Mwingereza, alitoa mihadhara jijini Copenhagen kuhusu misingi ya lugha za programu. Humo alitenganisha hali mbili za kitu kimoja kufanya kazi juu ya aina nyingi: hali ya kanuni moja inayofaa aina zote bila kujali undani wake, na hali ya jina moja kufunika kanuni tofauti zilizotungwa kila moja kwa aina yake. Opereta tunazozizungumzia ni za hali ya pili. Istilahi zake zingali zinatumika hadi leo, na ni vigumu kusoma tasnifu yoyote ya eneo hili isiyomtaja.

ALGOL 68, iliyoongozwa na Adriaan van Wijngaarden, ilifanya jambo ambalo tunaliona kuwa la uaminifu zaidi katika kipindi hicho chote. Ilimruhusu mwandishi kutunga opereta zake mwenyewe na kuzipangia kipaumbele. Kuhusu ubadilishaji wa kimya, haikuukataza, bali iliupa majina. Kila namna ya kubadilisha ilitajwa, na lugha ikaeleza katika mazingira gani ya usemi namna ipi inaruhusiwa. Waraka wake ulikuwa mgumu kusomeka, na lugha yenyewe haikuenea. Lakini kukipa kitu jina ni hatua ya kwanza ya kukihoji, na waliofuata hawakuichukua hatua hiyo kwa uzito uleule.

4.0 Obujekti zinaingia

Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika Kituo cha Hesabu cha Norway jijini Oslo, walitoa Simula 67, ambayo ilileta klasi: aina ya data inayotungwa na mwandishi, ikiwa na data na matendo yake pamoja. Kuanzia hapo swali letu likabadilika uzito. Kabla ya klasi, aina za data zilikuwa chache na za mbunifu wa lugha. Baada ya klasi, kila mwandishi aliweza kutunga aina ya Ng'ombe, ya Deni au ya Shilingi. Je, aina hizo mpya zitumie alama za hesabu kama namba, au zikae pembeni kama wageni?

Smalltalk, iliyokuzwa na Alan Kay na wenzake katika Xerox PARC miaka ya 1970, ilijibu kwa kuondoa tofauti kabisa. Ndani yake 3 kujumlisha 4 ni ujumbe wa kujumlisha unaotumwa kwa obujekti 3, nayo 3 ndiyo inayoamua la kufanya. Opereta hazina upendeleo wowote juu ya ujumbe mwingine, na kwa sababu hiyo hazina hata vipaumbele vya hesabu za shule: 3 kujumlisha 4 mara 2 huleta 14, wala si 11. Ni mfumo safi, na wengi waliokuja kutoka darasa la hisabati uliwashinda kuvumilia.

Bjarne Stroustrup alianza kazi ya kuunganisha klasi za Simula na lugha ya C katika Bell Labs mwaka 1979. Lugha ilipata jina la C++ mwaka 1983, na opereta zenye maana nyingi zikawa sehemu yake katika kipindi hicho. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kawaida na yenye haki: watu wanaofanya kazi na namba changamano na matriksi wana maandishi yao ya karne nyingi, na kuwalazimisha waandike majina marefu ya matendo badala ya alama ni kuwarudisha nyuma. Pamoja na hilo, C++ ilirithi kutoka C ubadilishaji mwingi wa kimya kati ya namba. Katika C, ukilinganisha hasi moja na moja isiyo na ishara, hasi moja hugeuzwa kuwa namba kubwa mno, na kompyuta husema kwamba hasi moja si ndogo kuliko moja.

C++ ikaongeza tabaka lake juu ya urithi huo. Klasi yenye kiundaji cha kupokea thamani moja iligeuka, bila kuombwa, kuwa kanuni ya kubadilisha. Na klasi iliweza pia kutangaza kwamba yenyewe inabadilika kuwa namba. Hapa ndipo mpaka wa Sirari unapotusaidia kuona. Tuseme mwandishi ametunga klasi mbili, ya shilingi ya Kenya na ya shilingi ya Tanzania, kila moja ikiwa na opereta yake ya kujumlisha inayokubali fedha ya aina yake tu. Ni kazi nzuri: amezuia kuchanganya. Kisha, kwa ajili ya urahisi wa kuchapisha stakabadhi, anaongeza katika klasi zote mbili tangazo kwamba kiasi kinaweza kubadilika kuwa namba yenye nukta. Siku moja mtu mwingine anaandika 500 za Kenya kujumlisha 500 za Tanzania. Kompaila inatafuta opereta inayofaa. Haipati yoyote katika klasi zile mbili. Lakini inaona kwamba pande zote mbili zinaweza kugeuka kuwa namba, na kwamba namba zina opereta ya kujumlisha iliyozaliwa na lugha. Inaitumia, inaleta 1000, na haisemi neno. Opereta alizotunga mwandishi hazikukosea. Zilifanya kazi yake kwa kukataa. Aliyefungua mlango wa nyuma ni ubadilishaji wa kimya.

Kamati ya C++ iliutambua udhaifu huu kwa awamu. Kiwango cha mwaka 1998 kilikuwa na neno-msingi la kuweka mbele ya kiundaji ili kisitumike kubadilisha kimyakimya, na kiwango cha mwaka 2011 kiliruhusu neno hilo kuwekwa hata mbele ya matangazo ya kugeuka kuwa aina nyingine. Tazama mpangilio wenyewe, hata hivyo: ukimya ndio desturi, na uwazi ndio unaoombwa kwa neno la ziada. Mwandishi asiyejua hatari hiyo hawezi kujua kwamba anatakiwa kuomba.

5.0 Ada na Java: milango miwili, kufuli moja

Lugha mbili zilijaribu kufunga milango hii, na kulinganisha namna zilivyofanya ndiko kunakothibitisha hoja yetu kuliko kitu kingine.

Ada, iliyosimamiwa kiubunifu na Jean Ichbiah na kufikia kiwango rasmi mwaka 1983, iliagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Iliruhusu opereta kupewa maana mpya kwa kila aina. Lakini ilikataa kabisa kubadilisha aina moja ya namba kuwa nyingine bila agizo. Zaidi ya hapo, ilimwezesha mwandishi kutangaza aina mpya inayotokana na namba ya kawaida, ikiwa na opereta zote za namba, lakini isiyochanganyika nayo. Shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania zingeweza kutangazwa hivyo kwa mistari miwili, na usemi wa kujumlisha moja kwa nyingine ungekataliwa kabla programu haijawahi kuendeshwa.

Java ilipotolewa mwaka 1995, James Gosling aliamua kuziondoa opereta zinazotungwa na mwandishi, kwa maelezo kwamba alikuwa ameona wengi wakizitumia vibaya katika C++. Uamuzi huo ulipokelewa kama ushindi wa usafi. Lakini tukitazama kilichobaki ndani, tunaona kwamba Java yenyewe ilijiachia opereta moja yenye maana nyingi, alama ya kujumlisha inayounganisha pia mifuatano ya herufi. Na ikaiachia alama hiyo haki ya kugeuza karibu kitu chochote kuwa herufi kimyakimya. Aidha, Java huruhusu namba nzima yenye biti 64 kubadilika kuwa namba ya nukta yenye biti 32 bila agizo, ingawa namba hiyo ya pili haina nafasi ya kutosha kuhifadhi tarakimu zote za kwanza. Kiasi kikubwa cha fedha kinaweza kupoteza tarakimu zake za mwisho katika mstari usio na dosari machoni. Gosling alifunga mlango wa kwanza kwa kufuli na kuuacha wa pili ukiwa umeegeshwa. Ukali huu wetu utazamwe kwa kiasi. Java ilikuwa salama zaidi kuliko C++ katika mambo mengi yasiyohusu makala haya. Lakini mhasibu anayeandika kwa Java hulazimika kuandika hesabu zake za desimali kwa majina ya matendo, moja ndani ya jingine, hata zikawa ngumu kukaguliwa. Amenyang'anywa kilichokuwa na manufaa.

Tukio la Mars Climate Orbiter la Septemba mwaka 1999 linafaa kutajwa hapa, japo halikutokana na lugha fulani. Chombo hicho cha Marekani kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa kipimo cha msukumo kwa pauni na nyingine ikakisoma kama nyutoni. Kilichopita kati yao kilikuwa namba tupu. Hapakuwa na opereta yoyote iliyobebeshwa maana. Palikuwa na aina mbili zilizopoteza majina yao njiani.

6.0 Urithi wetu

Tanzania iliingia katika mjadala huu kwa kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe kuna historia. Kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500, ilipelekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Matokeo ya kuhamishia hesabu za serikali katika kompyuta hayakuridhisha, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vikwazo vililegea polepole katika miongo iliyofuata. Kwa hiyo, wakati watu wa Bell Labs wakibishana kuhusu viundaji vya C++, wanafunzi wengi wa Tanzania hawakuwa na mashine ya kubishania. Wengi wa waliokuja baadaye walianza na Java, PHP au JavaScript, zikiwa tayari na maamuzi ndani yake. Hali ya mkopaji wa rupia inarudi kwa sura nyingine: kanuni iliandikwa mbali, na inatumika hapa.

JavaScript inastahili kuelezwa zaidi kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo inayopokea tarakimu ambazo mtu anaandika kwenye fomu ya simu au kompyuta. Brendan Eich aliiandika mwaka 1995 kwa haraka, na iliruhusu mambo yote mawili kwa pamoja. Kiasi kilichoandikwa kwenye fomu huifikia programu kikiwa mfuatano wa herufi, si namba. Mteja akiandika 500 na programu ikajumlisha ada ya 200 bila kubadilisha kwanza, alama ya kujumlisha huwa alama ya kuunganisha herufi, na jumla huwa 500200. Ajabu ni kwamba kosa hilohilo katika kutoa halionekani: 500 ya herufi ikitolewa 200 ya namba huleta 300, kwa kuwa alama ya kutoa haina maana ya pili, na herufi hugeuzwa kuwa namba kimyakimya. Mwanafunzi aliyejaribu kutoa kabla ya kujumlisha huamini kwamba programu yake ni sahihi. Namba ya simu nayo hupatwa na kinyume chake: ikigeuzwa kuwa namba, sifuri ya mbele hufutika, na kinachobaki si namba ya mtu yeyote.

Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, huruhusu klasi yoyote kutunga opereta zake lakini hukataa kujumlisha herufi na namba, na husimamisha programu kwa kosa. Katika jambo hili mahususi Python inakaa karibu na Ada kuliko na JavaScript, licha ya kwamba Python na JavaScript huwekwa katika kundi moja la lugha nyepesi. Upangaji huo wa makundi unapaswa kuangaliwa upya.

Kuhusu fedha zenyewe, andiko lenye manufaa zaidi ni kitabu cha Kent Beck kuhusu utayarishaji wa programu unaoongozwa na majaribio, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2002. Mfano wake mrefu ni kujumlisha dola na faranga za Uswisi. Beck hakuzigeuza faranga kuwa dola wakati wa kujumlisha. Aliifanya jumla yenyewe kuwa obujekti inayobaki na vipande vyake viwili, dola hizi na faranga zile, hadi mtu atakapoomba jibu katika fedha fulani na kuleta kiwango cha kubadilishia. Opereta inajumlisha, ubadilishaji unasubiri agizo, na agizo lina kiwango chake. Mtu aliyewahi kukaa katika kikao cha mahari cha Wakurya atautambua utaratibu huo. Ng'ombe huhesabiwa kwa namna yao, mtamba, fahali na ndama kila mmoja kwa jina lake, na pale fedha taslimu inapochukua nafasi ya mnyama, bei hutamkwa mbele ya pande zote mbili na kukubaliwa siku ileile. Kanuni ya kubadilisha ina tarehe na ina mashahidi.

Mwaka 2015 Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya ziliunganisha huduma zao za M-Pesa, na mtu aliye Sirari akaweza kutuma fedha kwa ndugu aliye Isebania bila kuvuka mpaka. Viwango vya kimataifa huzipa shilingi hizi alama tofauti, TZS na KES, na mfumo wowote wa namna hiyo hauna budi kuzibeba alama hizo pamoja na kila kiasi. Lakini alama hizo ni herufi tatu ndani ya kigeu, nazo huweza kuachwa nyuma kila kiasi kinapogeuzwa kuwa namba kwa ajili ya kuchapisha, kupanga au kulinganisha. Katika mafunzo ya programu ambayo mwandishi wa makala haya ameyapitia na kuyafundisha, kiasi cha fedha karibu daima hutangazwa kuwa namba yenye nukta, na fedha yenyewe huandikwa katika maelezo ya pembeni ambayo kompaila haiyasomi. Mwanafunzi anayetoka Tarime, aliyekwisha kujua tangu utotoni kwamba mia mbili si jibu mpaka iulizwe ni za wapi, anafundishwa kuandika programu isiyouliza. Zoezi la kutunga klasi mbili za shilingi, zenye opereta ya kujumlisha na zisizo na njia yoyote ya kugeuka namba bila kiwango na tarehe, linaweza kukamilika kwa vipindi viwili vya maabara, na lingetosha kuwekwa katika wiki ya kwanza ya somo la obujekti, kabla ya urithi wa klasi.